Keki ya Tarehe Tisa Novemba

Lodwar, tarehe 10 Novemba, jioni. Joto la kukausha mate, upepo wa mchanga, moyo mwepesi.

Kwa wananchi wote wa Turkana, walio nyumbani na walio mbali: ni kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba keki moja ya mayai sita, yenye sukari nyeupe juu, iliyookwa hapa Lodwar kwa ajili ya sherehe ya jana kule Kakuma, iliaga dunia ikiwa safarini. Kwa mujibu wa aliyekuwa ameipakata, chanzo cha ajali ni barabara. Aliyeipakata ni mimi. Uchunguzi umekamilika na matokeo yake nimeyaweka mwisho wa ukurasa huu, kwa sababu leo nimeamua kusema ukweli, na ukweli nina mazoea ya kuusogeza chini.

Wasomaji wangu, nyinyi saba wa tangu zamani na yule wa nane ambaye nashuku ni mke wangu kwa jina la bandia, mnaijua kazi ya blogu hii. Natafuta jambo kubwa lililotokea duniani siku kama ya leo, naliandika aya mbili tatu, nalala nikijiona msomi. Siku mtu alipokanyaga mwezi. Siku bendera ya Sudan Kusini ilipopandishwa mara ya kwanza, na Kakuma watu wakalia na kucheza kwa wakati mmoja. Mke wangu anasema ni ajabu kwamba mtu anayekumbuka kila vita ilianza lini hakumbuki gesi ilinunuliwa lini.

Jana ilikuwa tarehe tisa Novemba. Siku kama hiyo, mwaka 1989, watu wa Berlin waliupanda ukuta uliokuwa umewatenga na ndugu zao kwa miaka karibu thelathini, wakaanza kuubomoa kwa nyundo.

Kila mwaka naandika habari za ukuta huo. Sijawahi kuandika nilivyoutumia.

Katikati ya miaka ya tisini, nikiwa kijana mwembamba (mnaonijua sasa mtaniamini tu), nilipata kibarua cha ukarani Kakuma. Nilijaza fomu za watu waliokuwa wakifika kutoka Sudan. Jina, kijiji, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa. Hapo kwenye tarehe ndipo kalamu ilikuwa inasimama. Watu walijua vizuri walivyozaliwa: mafuriko yapi, njaa ipi, ng'ombe walikuwa malisho gani. Fomu haikuwa na nafasi ya ng'ombe. Kwa hiyo tulifundishwa kukadiria mwaka, kisha kuandika Januari moja. Ndiyo maana hadi leo, mwaka mpya ukifika Kakuma, mtu hajui ampongeze nani kwanza.

Mimi sikuona ajabu. Naitwa Ekiru kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, na kwetu mvua si majira, ni tukio. Ukimwambia mzee wa hapa kwamba ulizaliwa siku ya mvua, atakuuliza, "Ile?" Lakini aliyenitengenezea kitambulisho hakutosheka na mvua. Na mimi ni wa Januari moja.

Siku moja aliketi mbele ya meza yangu nyanya mmoja aliyechoka sana, na wajukuu wawili, watoto wa wanawe wawili: mvulana anaitwa Majok, msichana anaitwa Ayen. Kwa kuyaangalia meno yao nilikadiria miaka sita. Mama yake Ayen alikuwa amefia njiani, na upande wa huyo mama hakuna aliyejua ndugu walikimbilia wapi. Nilimuuliza nyanya kuhusu kuzaliwa kwa watoto. Alisema, kupitia kwa mkalimani, "Mtama ulikuwa umeshavunwa," akafumba macho.

Majok nikamwandika Januari moja. Nikaanza kumwandika Ayen. Alikuwa amenyamaza muda wote, akihesabu kitu kwa vidole. Akamwambia mkalimani maneno, mkalimani akaanza kucheka kabla ya kuyafikisha.

"Anauliza, yule mama aliyetangulia ni wa Januari moja. Mzee wa mbele yake, Januari moja. Majok, Januari moja. Huyo mwanamke aliyewazaa wote siku moja ni nani?"

Foleni nzima ilicheka. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kidogo na nilikuwa nimeshika kalamu, na kijana wa umri huo mwenye kalamu ni mtu wa kuogopwa. Juu ya meza palikuwa na kitabu kisicho na jalada. Nikakifungua taratibu, nikapitisha kidole kwenye mistari kama kasisi anayetafuta somo la Jumapili.

"Naam," nikasema. "Wewe uko hapa. Tarehe tisa Novemba, themanini na tisa."

Mtama uliovunwa ulinipa Novemba. Ile tisa ilitoka kwa mwalimu wangu wa historia wa sekondari, aliyeleta redio darasani tukasikiliza habari za ukuta. Ilikuwa tarehe pekee ya Novemba niliyokuwa nayo kichwani. Na kitabu, kwa taarifa yenu, kilikuwa cha huduma ya kwanza. Kidole changu kilikuwa kimesimama kwenye kuungua kwa maji ya moto.

Ningeishia hapo, dhambi ingekuwa ndogo. Lakini mtoto alikuwa ananitazama, na mimi tangu zamani mtu akinitazama vizuri naongeza maneno. Nikamwambia kwamba siku aliyozaliwa yeye, mbali sana, watu waliotengwa na ndugu zao walipanda ukuta na kuuvunja.

Akauliza, "Wakawapata ndugu zao?"

"Wakawapata."

"Wote?"

Fikirini. Nyanya kafumba macho pale, mtoto ana miaka sita, upande mzima wa mama yake haujulikani uliko.

"Wote," nikasema.

Baadaye nilirudi Lodwar nikawa mwalimu wa historia, kazi ninayoifanya mpaka leo, nikifundisha vijana umuhimu wa ushahidi. Ayen alikua. Ana duka Kakuma, anauza milaya, zile shuka za kudarizi za Sudan Kusini zenye maua na tausi, na juu ya mlango kumeandikwa kwa rangi ya bluu, NOVEMBA TISA. Kila mwaka tarehe hiyo anapika chai ya maziwa na mandazi kwa majirani, Wasudan, Waturkana, Wasomali, Wakongo, na mimi naitwa kama shahidi. Nasimama, nasimulia ukuta, nasimulia kitabu, napigiwa makofi, nakula mandazi sita. Imekuwa hivyo miaka mingi. Uongo ukiwa na mandazi mazuri, kuuacha ni vigumu.

Mwezi uliopita akanipigia simu.

"Mwalimu, keti kwanza."

"Nimeketi."

"Mama mkubwa amepatikana. Dada ya mama yangu. Alikuwa kambi ya Uganda miaka hii yote. Sasa amefika, yuko hapa kwangu, anakunywa chai."

Nilishukuru Mungu kwa sauti, na nilimaanisha. Kisha akaendelea.

"Na yeye ndiye alinipokea nikizaliwa. Kwa hiyo tarehe tisa utakuja umwambie ile yako, na yeye atasema yake. Mtaambiana."

Mtaambiana. Nilitembea na neno hilo wiki tatu kama kijiwe kwenye kiatu.

Niseme kilichonitisha. Aibu ilikuwepo, lakini aibu mimi nimeizoea, nimefundisha kidato cha pili. Nilichoogopa ni kwamba Ayen hana picha ya mama yake, hana cheti, hana hata kaburi. Kuhusu mwanzo wake ana kitu kimoja, nacho nilimpa mimi kutoka kwenye ukurasa wa majeraha. Ikiwa niliongopa kuhusu siku, basi niliongopa pia kuhusu "wote". Sikujua atabaki na nini.

Jana asubuhi nikaenda. Rafiki yangu Ebei anapeleka samaki wakavu Kakuma kwa pikapu, na hunipa kiti cha mbele bure kwa masharti kwamba nisimfundishe historia njiani. Nilikuwa na keki magotini, imeandikwa juu kwa sukari nyekundu: 9 NOVEMBA. Nyuma yetu samaki. Kwa jinsi keki ilivyokuwa inanukia tulipofika, hata kama ingefika nzima, ingekuwa kitoweo.

Ayen alikuwa mlangoni, akanisalimu kwa Kiturkana. "Ejok, Mwalimu. Umechelewa mpaka chai imezeeka." Akafungua boksi. Akalifunga. Akalifungua tena.

"Hii imefanyiwa nini?"

"Barabara," nikasema.

Akamtazama Ebei. Ebei akawatazama samaki wake.

Ndani, kwenye kiti chenye mto, alikuwa ameketi mama mkubwa, mrefu hata akiwa ameketi, na macho ya mtu ambaye haharakishwi. Kando yake, kwenye kiti cha pili kwa heshima, alikuwa Majok. Lazima mjue kuhusu Majok. Fomu yangu ilimpa Januari ya themanini na tisa, ikampa Ayen Novemba, na kwa sababu ya miezi hiyo kumi Majok ameishi maisha yake yote kama kaka mkubwa. Anaketi kwanza, anatuma chai, anatoa ushauri ambao hakuombwa. Jana alikuwa mkalimani.

Nilimpa mama mkubwa mkono. Akaushika, akaugeuza, akaangalia kidole gumba changu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika katika salamu.

Kisha Ayen akagonga vikombe kutunyamazisha. "Haya. Mwalimu atasema ile ya kitabu."

Nikasimama. Nikaanza kama siku zote: foleni, nyanya, kitabu juu ya meza. Nikafika pale ninapopitisha kidole hewani na watu hucheka. Walicheka. Mama mkubwa hakucheka. Alikuwa bado anatazama kidole gumba.

Ningependa kuandika kwamba nilikiri kwa ushujaa. Nilikiri kwa sababu ya macho ya yule mama.

"Kitabu kilikuwa cha huduma ya kwanza," nikasema.

Majok akaacha kutafsiri.

"Hakuna mahali palipoandikwa Ayen. Tarehe niliitoa kichwani. Nilikuwa kijana, nilitaka ucheke. Na ile uliyoniuliza, kama waliwapata ndugu zao wote, sikujua. Nilisema tu."

Jirani mmoja alikuwa ameshika andazi nusu ya njia. Ayen aliweka birika chini.

"Kwa hiyo si wote."

"Sijui, Ayen. Pengine si wote."

"Mimi nilijua si wote," akasema. "Nyanya nimemzika hapa. Nilijua." Akafuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Lakini kila gari ikileta watu wapya, mimi nilikuwa naenda na chai, nauliza nani anatoka kwa kina mama yangu. Kila gari, Mwalimu. Majok alikuwa ananiambia nimekuwa kichaa."

"Nilisema mara moja," Majok akasema.

"Ulisema kila gari. Mwaka huu mama mmoja akashuka, akasema dada ya mama yako namjua, tulikuwa naye Uganda." Akanigeukia. "Mtu akikuambia wote, utaachaje kuuliza?"

Niliketi.

Mama mkubwa alimgusa Majok begani ili aambiwe kilichosemwa. Akaambiwa. Akafikiri. Kisha akazungumza kwa Kidinka, polepole, na kwa muda mrefu. Majok alisikiliza huku uso wake ukibadilika.

"Anasema nini?" Ayen akauliza.

"Anasema mambo mengi."

"Sema yote."

"Anasema ulizaliwa mvua ya kwanza. Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka malisho ya kiangazi. Mama yako alikuwa anakamua, akaacha ng'ombe katikati, akaingia ndani. Alikuwa anaimba. Anasema ulitoka haraka, kama mtu amesahau kitu nje." Akamgeukia Ayen. "Anasema mama yako alicheka alipokuona. Hajui kwa nini. Alicheka tu."

Ayen alijifunika uso kwa kanga. Majirani wote tukapata kitu cha kutazama sakafuni.

Mimi, ambaye hata kwenye mazishi siwezi kunyamaza, nikauliza, "Na mtama? Nyanya aliniambia mtama ulikuwa umeshavunwa."

Majok akauliza. Mama mkubwa akacheka kwa mara ya kwanza, akamwekea Majok kiganja kwenye paji la uso, akasema maneno matatu manne. Majok hakutafsiri.

"Majok?"

"Anasema hakuondoka mpaka wakati wa mavuno, alikaa kumsaidia mama yako."

"Na?"

"Na mtoto wa mtama ni mimi."

Kanga ilishuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa ya mfanyabiashara anayehesabu.

"Mwalimu. Kutoka mvua ya kwanza mpaka mavuno ni miezi mingapi?"

"Sita," nikasema. "Hata saba."

"Majok."

"Nini?"

"Toka kwenye hicho kiti."

Yaliyofuata siwezi kuyaeleza yote. Palikuwa na mabishano kwa lugha tano. Mzee wa Kisomali alisema karatasi ni karatasi na Majok abaki mkubwa. Mama wa Kikongo akajibu kwamba karatasi haijawahi kuzaa mtoto. Majok aliomba kujua kama kazi ya mkalimani ina fidia. Mwisho aliinuka, akabeba birika, akamimina chai kuanzia kwa Ayen, na alipofika kwangu akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hii fomu yako nitakukumbusha mpaka uzeeke." Nikamwambia asichelewe.

Nilimwambia Ayen kwamba kwa Kiturkana mtoto wa kike wa mvua ni Nakiru. Tungekuwa wajina.

"Kumbe," akasema. "Na wewe siku yako ni ipi?"

"Kitambulisho kinasema Januari moja."

Nyumba nzima ilicheka. Hata mama mkubwa hakuhitaji mkalimani. Januari moja anaijua kwa lugha zote.

Ayen alisubiri kicheko kipungue. "Mimi nimepata mvua yangu. Majok ana mtama wake. Hii tarehe tisa imebaki haina mtu." Akanisukumia sahani yenye kilichokuwa keki. "Chukua wewe. Lakini kibao changu sitakibadilisha, rangi ni ghali. Utakuja kila mwaka tukupikie."

Nimeishi miaka hamsini na kitu nikikumbuka siku za watu wengine: wafalme, majenerali, watu waliokanyaga mwezi. Hakuna mtu aliyewahi kunipa siku. Nilisema asante, na nikashindwa kuongeza neno, jambo ambalo Ebei aliliona na ameshaanza kulitangaza.

Sasa keki. Nimeahidi.

Barabara haikufanya kosa. Ni lami, na Ebei anaendesha kama amebeba mayai, kwa sababu samaki wakivunjika hawauziki. Ukweli ni kwamba tulipokuwa karibu na Kakuma niliitazama ile 9 NOVEMBA nyekundu nikaona ni ushahidi. Nikawaza, yule mama akisema vingine, angalau isiwepo kwa maandishi. Nikaanza kuifuta kwa kidole gumba. Sukari ilikuwa imelainika kwa joto. Nilipofuta tisa, Novemba ikaenea. Nilipofuta Novemba, kidole kikazama. Nilipojaribu kusawazisha kwa kiganja, keki ikagawanyika katikati ikaingia kwenye pembe mbili za boksi. Ebei aliona yote. Alisema tu, "Mwalimu, wewe na historia."

Kwa hiyo nilifika pale kukiri uongo mmoja nikiwa nimeshika mwingine, na rangi yake nyekundu ilikuwa chini ya ukucha wangu, mahali ambapo mama mkubwa aliiona tangu salamu.

Ayen naye alikuwa ameiona. Alinisindikiza mpaka kwenye pikapu, akanipa mkono, akaugeuza kama alivyofanya mama mkubwa wake. Nadhani tabia hiyo iko kwenye damu yao.

"Mwakani," akasema, "keki atashika Ebei."

Nimenawa mara tatu tangu jana. Bado kuna wekundu kidogo kwenye kona ya ukucha, na mke wangu ameniuliza ni nini. Nimemwambia ni siku yangu ya kuzaliwa.